Kuvizia Anga la Usiku: Mwongozo Kamili wa Aurora, Vimondo na Kupatwa kwa Mwezi

Mwaka wa kwanza nilipojaribu kuona vimondo vya Geminidi, nilitoka jioni ya tarehe 14 Desemba, nikatandika mkeka, nikajilaza chali. Kwa saa mbili na nusu nilihesabu vimondo vitano. Kumbe shughuli ilikuwa imekwisha jana yake. Tangazo lilisema "Desemba 14", nami nikalisoma kama mtu aliyealikwa harusini: siku hiyo, jioni. Kilele chenyewe kilikuwa saa nane za usiku wa kuamkia tarehe 14, wakati mimi nimejifunika shuka hadi kichwani.

Kosa la namna hiyo limewanyima watu mambo mengi ya angani kuliko ukosefu wa darubini. Sehemu kubwa ya kazi ya kuvizia anga hufanyika kabla hujavua kandambili na kuvaa viatu: kujua unachotafuta, kujua saa yake, kukagua mawingu, kutafuta giza. Ukishatoka, iliyobaki ni subira tu.

Hatua ya 1: Jiulize kama unachokitaka kinaonekana hapo ulipo

Kwa aurora, ile mianga ya rangi inayocheza angani karibu na ncha za dunia, swali hili ndilo la kwanza na ndilo watu wengi huliruka. Aurora huzaliwa pale chembe zenye umeme, hasa elektroni, zinapoteremka kwa kufuata njia za sumaku ya dunia na kugonga oksijeni na naitrojeni iliyo juu sana. Kwa kuwa njia hizo hushuka karibu na ncha za sumaku, mwanga hujipanga kama pete kuzunguka kila ncha. Chini ya pete ya kaskazini ipo miji kama Tromsø ya Norwei, Abisko ya Uswidi, Fairbanks ya Alaska na Yellowknife ya Kanada, pamoja na Iceland na kaskazini ya Ufini. Pete ya kusini hukaa zaidi juu ya bahari na barafu ya Antaktika, ndiyo maana watazamaji wa kusini hukusanyika Tasmania na kusini mwa Nyuzilandi, wakitazama upande wa bahari.

Angalia kwamba nimesema ncha za sumaku, si ncha za ramani. Ushuaia, kule mwisho wa Ajentina, uko kusini kabisa kwenye ramani lakini kwa hesabu ya sumaku uko mbali na pete. Mtu akikuuzia safari ya aurora kwenda huko, mshukuru na uondoke.

Je, anayeishi ukanda wa ikweta? Asikeshe dirishani kusubiri aurora. Imewahi kufika mbali: katika dhoruba ya Februari 1872 ilionekana Bombay na Khartoum, na katika ile ya Septemba 1859 iliyopewa jina la Mwingereza Richard Carrington ilionekana hadi Karibi. Lakini hayo ni matukio ya mara moja kwa vizazi kadhaa. Kwa upande wa pili, aliye karibu na ikweta ana bahati ambayo mtu wa Tromsø hana. Huona anga la kaskazini na la kusini kwa pamoja, usiku wake hauyeyuki wakati wa kiangazi, na kiini cha Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota za galaksi yetu, humpita karibu na utosi.

Kupatwa kwa mwezi humfikia yeyote ambaye kwake mwezi umeshachomoza. Vimondo hutegemea kundi. Perseidi za Agosti huwapendelea watu wa kaskazini, Eta Akwaridi za Mei huwapendelea wa kusini na wa ukanda wa joto, na Geminidi huonekana karibu kila mahali penye watu.

Hatua ya 2: Weka saa sawa

Matangazo karibu yote ya anga hutolewa kwa saa ya dunia, UTC. Chukua mfano wa kupatwa kikamilifu kwa mwezi kwa tarehe 31 Desemba 2028, ambako katikati yake ni saa 16:52 UTC. Aliye kwenye ukanda wa UTC+3 anaongeza tatu, anapata 19:52, yaani saa mbili kasoro dakika nane usiku, tarehe ileile. Aliye kwenye UTC+8 anapata 00:52, saa saba kasoro dakika nane usiku, na tarehe imeshageuka: kwake ni Januari mosi 2029. Mwezi ni uleule na kivuli ni kilekile, lakini mmoja ataandika kwenye daftari lake 2028 na mwingine 2029.

Kiswahili kina dawa ya tatizo hili, nami sijui kwa nini tunaiacha tukianza kuzungumza habari za sayansi. Sema "usiku wa kuamkia". Ukiandika kwenye kalenda "usiku wa kuamkia tarehe 14, saa nane", hakuna atakayekosea, hata wewe mwenyewe ukiwa na usingizi. Usiandike "14 Desemba usiku" ukaachia hapo.

Hatua ya 3: Mawingu, mwezi na taa

Wingu ni hakimu asiyekatiwa rufaa. Usiishie kwenye alama ndogo ya jua na wingu iliyo kwenye simu. Tafuta utabiri unaotenganisha mawingu ya chini, ya kati na ya juu, kisha ulinganishe na picha za setilaiti za saa mbili tatu zilizopita ili uone mapengo yanaelekea wapi. Mawingu ya juu, membamba kama utando, huacha aurora kali ipenye lakini hufuta vimondo hafifu na Njia Nyeupe. Mawingu ya chini hayapitishi kitu, ila mara nyingi unaweza kuyakimbia: kilomita thelathini tu, upande wa pili wa mlima, zinaweza kuwa na nyota tele. Abisko imejipatia sifa kwa sababu hiyohiyo. Milima inayoizunguka huzuia mawingu, na mara nyingi anga hubaki wazi juu ya ziwa lake wakati majirani wamefunikwa.

Mwezi mpevu huua vimondo vingi, kwa kuwa vingi ni hafifu. Aurora haijali sana, na tena mbalamwezi huiangazia mandhari ikapendeza kwenye picha. Kwa Njia Nyeupe subiri siku za mwandamo, au toka baada ya mwezi kuzama. Kumbuka kwamba mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 kila siku, kwa hiyo siku nne tano baada ya kupevuka unakuachia saa kadhaa za giza mwanzoni mwa usiku.

Kuhusu taa, ondoka mjini ukiweza, na uweke mji mgongoni. Unayetazama kaskazini usisimame kusini mwa jiji, maana utalitazama jiji. Ukishafika, macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na kioo cha simu kikiwaka mara moja unaanza kuhesabu upya. Tumia tochi nyekundu, au funga karatasi nyekundu ya plastiki kwenye tochi uliyo nayo.

Hatua ya 4: Kusoma habari za jua, kwa wawindaji wa aurora

Hapa ndipo penye mkanganyiko, kwa hiyo twende polepole.

Jua lina mzunguko wa takriban miaka 11 wa kutulia na kuchafuka. Mzunguko wa 25 ulianza Desemba 2019, na Oktoba 2024 wanasayansi walitangaza kwamba jua limeingia kipindi cha kilele. Miaka michache baada ya kilele huwa bado na dhoruba nzuri, basi usikate tamaa ukisikia kilele kimepita.

Mlipuko ukitokea juani, mwanga wake hutufikia kwa dakika nane na ushee. Mwanga huo hauleti aurora. Kinacholeta ni wingu la chembe na sumaku ambalo huenda likarushwa pamoja na mlipuko, na wingu hilo husafiri siku moja hadi tatu. Lile la 1859 lilikuja mbio, likafika kwa takriban saa 17 na nusu. Taarifa ya kwanza ya kufuatilia, basi, ni hii: je, kuna wingu, na linaelekea kwetu? Kituo cha Marekani cha utabiri wa hali ya anga za juu, kilichoko Boulder, Colorado, hutoa tahadhari hizi bure kwa dunia nzima. Saa ya kufika inayotajwa inaweza kukosea kwa saa kadhaa, mbele au nyuma.

Kisha kuna Kp, namba kutoka 0 hadi 9 ambayo kila mtu huitaja. Hupima mtikisiko wa sumaku ya dunia. Kp 5 ni dhoruba ya daraja G1, na Kp 9 ni G5, daraja la juu kabisa. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Mei 2024 dunia ilifika G5, mara ya kwanza tangu Oktoba 2003, baada ya mawingu kadhaa kutoka eneo moja la madoa ya jua kuwasili kwa kufuatana. Aurora ilionekana Florida na Meksiko.

Tatizo la Kp ni kwamba ni wastani wa dunia nzima kwa saa tatu. Ni kama kuambiwa mchana huu kumenyesha. Hujui ni saa ngapi wala kwa nani. Tromsø huona aurora safi hata Kp ikiwa 1 au 2, kwa sababu pete iko juu ya vichwa vyao. Ukiwa chini ya pete, nakushauri uiache Kp uangalie mawingu. Ukiwa mbali na pete, itumie kuamua kama ubaki macho au ulale.

Namba ninayoiamini zaidi ni Bz. Upepo wa jua, yaani mkondo wa chembe zinazotiririka kutoka juani, huja na sumaku yake. Sumaku hiyo ikielekea kaskazini, yaani Bz chanya, ngao ya dunia hubaki imefunga mlango. Ikielekea kusini, Bz hasi, mlango hufunguka na nguvu huingia. Nimeshuhudia tahadhari kubwa ikiisha bure kwa kuwa Bz ilikataa kushuka usiku kucha, na nimeona usiku usiotangazwa ukilipuka ghafla. Bz ikikaa chini ya hasi 10 kwa nusu saa au zaidi, vaa koti.

Vipimo vya Bz hutoka kwenye vyombo vilivyokaa umbali wa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, upande wa jua. Upepo wa kasi ya kilomita 400 kwa sekunde huchukua takriban saa moja kutoka hapo hadi kwetu. Wa kilomita 800 huchukua nusu saa. Huo ndio muda wako wa kujiandaa, na ndiyo sababu viatu na betri hukaa mlangoni.

Halafu majira. Tromsø haina giza kabisa kuanzia katikati ya Mei hadi mwishoni mwa Julai, kwa hiyo nenda kati ya Septemba na mwisho wa Machi. Dhoruba huelekea kuwa nyingi zaidi karibu na Machi na Septemba, wakati mchana na usiku vinapolingana. Saa nzuri ni kati ya saa nne usiku na saa nane usiku.

Hatua ya 5: Kuitambua ikija

Picha zimetudanganya. Mara ya kwanza kuiona nilikuwa nimesimama kando ya ziwa lililoganda, na nilichokiona ni ukanda wa kijivu uliopinda chini upande wa kaskazini, kama moshi wa jiko uliokosa upepo. Nilidhani wingu, nikakaribia kurudi ndani. Kilichonizuia ni nyota moja iliyokuwa iking'aa katikati yake bila kufifia. Wingu huziba nyota, aurora huiacha. Nikainua simu, nikaiegemeza kwenye jiwe, nikapiga kwa sekunde tatu, na kioo kikajaa kijani.

Kijivu kile si kasoro ya macho yako. Sehemu za jicho zinazoona gizani hazijui rangi. Zinazojua rangi zinahitaji mwanga zaidi. Aurora ikipata nguvu, kijani huonekana waziwazi.

Ukanda mtulivu ni mwanzo. Unaweza kukaa hivyo saa nzima. Kisha ukingo wa chini hukaza na kung'aa, miale husimama wima, na ukanda mzima hukatika na kuanza kucheza, kama pazia lililofunguliwa dirisha. Kipindi hicho mara nyingi hakizidi dakika 10 hadi 30. Baadaye hubaki mabaka yanayowaka na kuzima taratibu, na wengi hapo huenda kulala. Kaa. Duru ya pili huja mara nyingi baada ya saa moja au mbili, na atakayeiona ni yule aliyebaki.

Rangi nazo zina maelezo. Kijani ni oksijeni, takriban kilomita 100 hadi 150 juu. Nyekundu pia ni oksijeni, lakini ya juu ya kilomita 200: atomu huhitaji karibu dakika mbili kutoa mwanga huo mwekundu, na huko chini hugongwa na nyingine kabla haijawahi. Juu kuna nafasi, kwa hiyo huwahi. Waridi na zambarau ni naitrojeni. Hii ndiyo sababu watu wa mbali huona nyekundu peke yake. Kijani kimeshazama nyuma ya mviringo wa dunia, lakini vilele vyekundu, vikiwa kilomita 300 juu, huonekana kutoka umbali unaozidi kilomita 1,500.

Hatua ya 6: Vimondo

Huhitaji kifaa chochote, na darubini inaharibu kwa kukubania anga. Lala chali. Shingo ya aliyesimama haidumu dakika kumi na tano.

Kila mvua ya vimondo ni vumbi la kitu kinachojulikana. Perseidi, kilele usiku wa kuamkia Agosti 13, ni vumbi la nyotamkia Swift-Tuttle. Eta Akwaridi za mwanzoni mwa Mei na Orionidi za karibu na Oktoba 21 zote ni vumbi la nyotamkia Halley. Geminidi hazitoki kwenye nyotamkia wa kawaida bali kwenye mwamba uitwao Phaethon, na kwangu ndizo bora za mwaka: ni nyingi, haziendi mbio sana, nyingine zina rangi ya manjano.

Utasoma "vimondo 150 kwa saa". Usiibebe ilivyo. Hesabu hiyo inadhani anga ni jeusi kabisa na chimbuko la vimondo, yaani sehemu ya anga vinakoonekana kutokea, liko utosini mwako. Chimbuko likiwa nyuzi 30 tu juu ya upeo wa macho, gawa kwa mbili. Ongeza taa za mji, gawa tena, na tena. Ukipata 40 kwa saa, umefanikiwa.

Vimondo huongezeka baada ya saa sita usiku kwa sababu upande wako wa dunia unakuwa umegeukia kule dunia inakokwenda. Anayekimbia kwenye mvua hulowa kifua kabla ya mgongo. Geminidi ndizo huanza mapema, kwani kundi la nyota la Mapacha, lenye chimbuko lao, huchomoza jioni, ila hata hizo hushamiri karibu saa nane usiku. Usikodolee chimbuko lenyewe, maana vimondo vya hapo huwa vifupi kama nukta. Tazama nyuzi 40 hadi 50 pembeni yake, juu, penye giza zaidi.

Jipe saa nzima, bila simu. Vimondo huja kwa mafungu: dakika kumi za ukimya, kisha vitatu kwa mpigo, na aliyeinama kusoma ujumbe hubaki akiuliza "wapi? wapi?"

Hatua ya 7: Kupatwa kwa mwezi

Hili ndilo rahisi kuliko yote. Ni salama kwa macho matupu, hufanyika hata katikati ya jiji, na hudumu saa kadhaa. Toka kabla kivuli hakijagusa mwezi ili uone ukingo unavyoliwa. Ukishazama wote, angalia rangi: unaweza kuwa wa shaba, mwekundu wa tofali, au mweusi kiasi cha kukaribia kupotea, kutegemea vumbi na mawingu yaliyomo angani mwetu wakati huo. Geuka pia uangalie kwingine. Usiku uliokuwa mweupe kwa mwezi mpevu hujaa nyota ghafla, na wengi hulikosa hilo.

Hatua ya 8: Picha, kwa ufupi

Tripodi ni lazima, hata kwa simu. Kwenye simu tumia hali ya usiku, sekunde 3 hadi 10, na uweke kuchelewa kwa sekunde mbili ili kidole chako kisitikise. Kwenye kamera anza na lenzi pana iliyofunguliwa f/2.8, ISO 1600, sekunde 10. Aurora ikianza kucheza shuka hadi sekunde 2 au 4, la sivyo pazia litatoka kama uji. Fokasi iwe ya mkono: kuza nyota angavu kwenye kioo, zungusha hadi iwe nukta, kisha bandika utepe kwenye pete ya lenzi isisogee.

Baridi hunyonya betri. Ya akiba ikae mfuko wa ndani, kifuani. Na unaporudi kwenye joto, funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki kabla hujaingia, uiache humo saa moja au mbili, ili umande ugandie nje ya mfuko na si kwenye lenzi.

Vinavyodanganya macho

Ndege hupepesa taa nyekundu au nyeupe. Setilaiti haipepesi, huenda kimya, na inaweza kuzimika katikati ya anga inapoingia kivuli cha dunia. Kituo cha anga cha kimataifa, kilomita 400 hivi juu, hukata anga kwa dakika chache kikiwa angavu kama Zuhura. Msururu wa nukta zilizopangana kama shanga ni setilaiti za Starlink zilizorushwa karibuni. Zuhura yenyewe, ikiwa chini, imewahi kupigiwa simu za hofu mara nyingi kuliko chombo chochote cha kigeni.

Udanganyifu ninaoupenda ni alfajiri ya uongo. Saa moja na nusu hivi kabla ya jua kuchomoza, mahali penye giza la kweli, utaona mashariki mwanga mweupe uliosimama wima kama pembe. Si mapambazuko. Ni jua linaloangaza vumbi lililotapakaa kwenye njia ya sayari. Mapambazuko ya kweli huja baadaye, nayo hutanda kwa upana, kushoto na kulia. Karibu na ikweta pembe hiyo husimama wima zaidi, basi huko ndiko inakoonekana vizuri.

Kabla ya kulala

Andika saa, mahali, hali ya mawingu na ulichokiona, hata kama ni "sikuona kitu". Kama ulikuwa unavizia aurora na ulibahatika bila kuwapo tangazo la mlipuko, huenda upepo ulitoka kwenye tundu la korona, yaani pengo katika tabaka la nje la jua, na jua, likitazamwa kutoka duniani, hujizungusha kwa takriban siku 27. Hesabu siku 27 mbele kwenye kalenda, uweke alama kwenye usiku wa kuamkia siku hiyo na ule unaofuata.